Yule Mama Aliyekuja kwa Nyuma

Wapendwa wa Mkunya, nanyi mnaotusoma mkiwa Newala mjini na Masasi,

Marko sura ya tano ina wagonjwa wawili ambao wahubiri tumezoea kuwatenganisha, mmoja Jumapili hii, mwingine mwakani. Yupo mama aliyetokwa na damu miaka 12. Yupo na binti wa Yairo, mkuu wa sinagogi, ambaye Marko hakuona vibaya kututajia umri wake: miaka 12. Kwa hesabu hiyo, mwaka Yairo aliopokea mtoto ndio mwaka mama yule aliopokea ugonjwa. Mtoto akakua, na maradhi yakakua, wala nyumba hizo mbili hazikuwa na habari ya kuhusiana hadi siku Yesu alipopita njiani.

Marko hawaonei haya matabibu. Anasema mama yule alihangaika kwa wengi, fedha zikaisha, na hali ikazidi kuharibika. Luka, ambaye mapokeo yanatuambia alikuwa tabibu, anaisimulia habari hiyo hiyo, lakini wenzake wa kazi anawagusa kwa upole zaidi. Huwa natabasamu nikifika hapo.

Nimewaleta hawa wawili pamoja wiki hii kwa sababu ya kitu kidogo cha plastiki kinachoenea kiganjani, kinachoitwa katriji. Wengi wenu mmeshapimwa kwa ndugu yake bila kujua. Mtu akikohoa wiki mbili mfululizo, akapelekwa kupimwa kifua kikuu, makohozi yake huenda yakaingia kwenye mashine iitwayo GeneXpert. Shirika la Afya Duniani liliipitisha kwa kifua kikuu Desemba 2010, na leo imo katika hospitali nyingi za Tanzania. Kwa nje ni sanduku lenye vijimlango mbele. Kazi yenyewe hufanyika ndani ya ile katriji. Mtaalamu wa maabara anatia humo maji yenye sampuli, anafunga kifuniko, anaisukuma kwenye kijimlango, anaendelea na kazi nyingine. Ndani mna vyumba vidogo vyenye dawa, na katikati vali inayozunguka, ikifungua chumba hiki na kufunga kile, huku pistoni ndogo ikivuta maji na kuyasukuma. Mitetemo ya sauti isiyosikika kwa sikio inapasua seli. Vinasaba vinatoka, vinaoshwa, vinachanganywa na dawa, vinapelekwa kwenye kijumba chembamba ambako vinapashwa moto na kupozwa tena na tena. Kipande kinachotafutwa kikiwapo, kila mzunguko kinaongezeka maradufu, na kadiri kinavyoongezeka kinatoa mwanga ambao mashine inausoma. Kazi iliyohitaji vyumba kadhaa na wataalamu kadhaa inakwisha humo.

Sasa ipo katriji nyingine, ya mashine hiyo hiyo, inayotafuta virusi vya HPV. Hivi ndivyo vinavyoleta karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Katriji inatafuta aina 14 za hatari. Aina ya 16 na ya 18 peke yake ndizo zilizo nyuma ya takriban asilimia 70 ya saratani hizo duniani. Jibu linatoka baada ya saa moja hivi. Na sampuli yake haihitaji sindano, wala mama hahitaji kulala kitandani akifunguliwa na chuma. Anapewa brashi laini au kijiti chenye pamba, anaingia nyuma ya pazia peke yake, anachukua ute wa ukeni kwa mkono wake mwenyewe, anakirudisha kwenye kichupa. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo hiki cha vinasaba kitangulie vingine panapowezekana, na linakubali mama ajichukulie sampuli mwenyewe.

Najua wapo wanaoshangaa padre kuandika maneno haya kwenye karatasi ya kanisa. Wavumilie, nitawafikia.

Ugonjwa wenyewe una mwendo wa pole. Virusi vikiingia, mara nyingi mwili huvifukuza bila mtu kujua. Vikikaa, huanza kubadili seli za mlango wa kizazi, na kutoka hapo hadi saratani kamili inaweza kuchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI bila dawa, miaka hiyo hupungua hadi mitano au 10. Katika muda wote huo hakuna kinachouma. Damu isiyo ya mwezi, damu baada ya tendo la ndoa, uchafu wenye harufu, maumivu ya kiuno, hayo huja mwishoni. Tanzania inakadiriwa kupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufa. Ndiyo inayoongoza kwa wanawake wetu. Wengi wa wanaofika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa umeshavuka pale ambapo ungekatwa ukaisha. Kwa wa huku kwetu kuna na basi la alfajiri, siku nzima barabarani, na jamaa wa kumfikia mjini, ikiwa yupo.

Kwa hiyo miaka 12 ya yule mama inanifikirisha kwa namna ambayo sikuizoea. Sisemi alikuwa na saratani. Biblia haisemi, nami si wa kuiongezea. Lakini damu yake ilionekana. Alijua anaumwa. Wanaotafutwa na katriji hii hawajui. Wapo shambani wanaokota korosho, wapo kwaya, wapo jikoni kwenye harusi za watu, wana nguvu zao. Na hapo ndipo ilipo shida ya kiroho, maana ibada zetu za maombezi tumezijenga juu ya maumivu. Anayekuja mbele kuwekewa mikono ni yule anayeumwa. Hakuna anayekuja akasema, Padre, niombee, sina kitu, nakwenda kupimwa. Mtu mzima akienda hospitali majirani wanauliza anatafuta nini. Wengine wanaona ni kujiitia balaa, au ni kumpa Mungu mgongo, kwamba mwenye imani asubiri aguswe ndipo atafute. Mimi naona kinyume. Kumwendea Mungu kabla ya maumivu ndiko kulikokuwa desturi ya Daudi aliyeomba achunguzwe moyo, ajulikane njia zake, kabla hazijamfikisha pabaya. Kupimwa ukiwa mzima hakupunguzi imani hata chembe.

Lakini tafakari hii sikuiandika ili kuisifu mashine. Niliiandika kwa sababu ya utafiti mmoja wa Kitanzania, uliofanyika Dar es Salaam na Kilimanjaro, ukachapishwa 2020. Akina mama waliopimwa wakakutwa na HPV ya hatari walitakiwa kurudi baada ya miezi 14 waangaliwe tena. Nusu yao waliwekwa kwenye mpango wa kutumiwa ujumbe kwenye simu, wa kuwakumbusha na kuwaeleza. Nusu nyingine hawakutumiwa. Ilipofika siku, waliorudi walikuwa karibu robo tu, na ujumbe wa simu haukuleta tofauti yoyote ya maana. Maana yake takriban watatu kwa kila wanne, wenye jibu mkononi, hawakurudi.

Someni tena hapo. Kipimo kilifanya kazi. Virusi vilionekana. Simu ililia. Na mama hakuja.

Kwa nini? Kwa huku kwetu hatuhitaji watafiti watuambie. Siku ya miadi iliangukia msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Nauli ilikuwapo, ikaliwa na daftari la mtoto. Simu ni ya baba, na ujumbe ameusoma baba, akauliza HPV ni nini, akaambiwa na mtu kijiweni kwamba ni ugonjwa wa zinaa, na usiku ule hapakulalika. Au mama aliona mwili wake uko sawa, akasema nitakwenda tukishalipwa korosho, na malipo yalipofika yalikuwa na wenyewe.

Sasa rudini kwa Marko. Yesu yuko mbioni. Mtoto wa Yairo anakata roho, baba yake yuko kando akihesabu dakika, umati unasukumana. Mama anakuja kwa nyuma, anagusa vazi, na damu inakauka pale pale. Amepona. Kama shabaha ilikuwa uponyaji, habari imekwisha. Yesu angeweza kuendelea na safari, naye mama angerudi kwake kimya kimya kama alivyotaka. Yesu akasimama. Akauliza nani amemgusa. Wanafunzi wakamwona anapoteza wakati, kwa kuwa umati wote unamgusa. Nadhani hata Yairo aliona hivyo, na sitamlaumu. Na katika kusimama huko, watu wakaja kutoka nyumbani kwa Yairo na habari kwamba binti amekufa.

Alisimama kwa ajili ya mtu aliyekwisha kupona. Alitaka kumwona uso, amsikie akisimulia mwenyewe, amwite Binti mbele ya watu wote waliokuwa wakimkwepa kwa sababu ya damu, ampe amani aende nayo nyumbani. Naiona kazi ya kanisa hapo. Mashine itagusa, tena itagusa vizuri kuliko tulivyowahi kuona. Kusimama, kugeuka, kumtafuta aliyeguswa, kumuuliza habari yake na kumsindikiza hadi mwisho, hakuna katriji ya kazi hiyo. Miadi iliyopita bila mtu kuja, nani ameiona? Muuguzi ana foleni ya watu 60. Lakini jirani anaiona. Mama wa jumuiya anaiona.

Wenzetu waliotutangulia hapa hawakuona dawa na altare kuwa ni mahasimu. Leader Stirling alipofika Masasi mwaka 1935 kama daktari wa misheni, alifanyia upasuaji Lulindi chini ya paa la nyasi. Miaka 40 baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Wa Ndanda, penye abasia na hospitali ya misheni, wanajua zaidi yangu habari ya watawa na dawa.

Na kuhusu aibu. Nyanda hizi zetu za Wamakonde, Wayao na Wamakua zina shule ya mwili wa mwanamke ambayo haikungojea serikali wala misheni. Unyago una mafundisho yake, na makungwi wake hawana woga wa maneno. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, anakumbukwa kwa kulipa jando sura ya Kikristo badala ya kulipiga vita. Watu wamebishana juu yake hadi leo, na ubishi huo una haki yake. Mimi nachukua jambo moja tu: alijua kwamba mambo ya mwili yakikosa pa kufundishwa kwa heshima, yatafundishwa kichakani ovyo. Ikiwa kungwi anamfundisha mwali namna ya kujisafisha na namna ya kuishi na mume, anaweza pia kumwambia kwamba akifika miaka 30 aende akapimwe mlango wa kizazi, na kama anaishi na virusi vya UKIMWI asingoje zaidi ya 25. Ombi hili nawapelekea makungwi wa Kiislamu na wa Kikristo sawa, kwa sababu saratani hii haiulizi mtu anasali wapi.

Lipo na neno la tahadhari. Vyombo vidogo vina mvuto, na penye mvuto hapakosi mlaghai. Marekani, binti mmoja, Elizabeth Holmes, alianzisha kampuni ya Theranos mwaka 2003 akiuambia ulimwengu kwamba tone la damu la ncha ya kidole lingetosha vipimo mamia. Matajiri na wazee wa serikali walimwamini. Gazeti likafichua mwaka 2015 kwamba kifaa hakifanyi kilichosemwa, na mwaka 2022 mahakama ilimhukumu kifungo cha zaidi ya miaka 11. Ninyi wakulima wa korosho mnalijua bakuli la kangomba, la walanguzi: linaitwa kipimo, kumbe limetengenezwa ili lisipime. Kwetu nako wanazunguka watu wenye kimashine cha kushika mkononi, wanadai kinasoma mwili mzima, ini, figo, na saratani, na kila anayekishika hukutwa na upungufu ambao dawa yake, kwa bahati nzuri, wanayo mfukoni. Na mwaka 2011 taifa zima lilifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao wakafa. Sikumbuki kikombe ili nimcheke mchungaji huyo, ambaye sasa ni marehemu. Nakikumbuka kwa sababu foleni ile ilituonyesha Watanzania wako tayari kusafiri siku kadhaa na kulala njiani wakiahidiwa uponyaji. Nauli ilipatikana.

Sayansi ya kweli nayo ipo, na inakwenda kwa hatua. Mwaka 2007 watafiti wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, walitangaza kibamba kidogo chenye vinguzo 78,000 visivyoonekana kwa macho, ambavyo damu ikipita katikati yake, seli za saratani zinanaswa, hata ikiwa ni moja kati ya mabilioni ya seli za damu. Hong Kong, Dennis Lo na wenzake walipima damu ya wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili, wakitafuta vinasaba vya kirusi cha Epstein-Barr kinachofungamana na saratani ya nyuma ya pua. Walipata wagonjwa 34, na karibu saba kati ya 10 walikuwa bado hatua za mwanzo, ilhali kawaida ya huko ilikuwa wawili kati ya 10.

Kirusi hicho hicho kinatugusa sisi kwa njia nyingine. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, mtu wa sala asiyeona haya kuijulisha imani yake, aliandika mwaka 1958 habari ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia kwenye gari kuukuu wakaendesha zaidi ya kilomita 16,000, Tanganyika ikiwamo, wakiingia hospitali hadi hospitali kuuliza: watoto wa namna hii mnawaona? Ramani waliyoitoa ilifuata joto na mvua, yaani ilifuata malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakakiona kirusi ndani ya uvimbe huo. Leo watafiti wa hospitali za Muhimbili, Dar es Salaam, na KCMC, Moshi, na hospitali ya Lacor ya Gulu, Uganda, wakishirikiana na Oxford, wanajaribu kuutambua ugonjwa huo kwa damu ya mtoto, ili asisubiri kwa wiki nyingi majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe huku uvimbe ukiongezeka kila siku. Najua neno damu linaamsha habari za mumiani. Mzazi ana haki ya kuuliza damu ya mwanawe inakwenda wapi na itatumiwa kwa nini, na anayeichukua ana wajibu wa kumjibu kwa lugha anayoielewa. Ila mtoto ambaye taya lake limevimba na meno yake yamelegea asipelekwe kung'olewa jino wala kuchanjwa chale. Apelekwe hospitali juma hilo hilo. Ugonjwa huo una dawa, na hupona akiwahi.

Kwa binti wa Yairo, yaani binti wa miaka 12, jambo ni jepesi zaidi. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka tisa hadi 14, bila malipo. Maneno kwamba inaua uzazi yamefika hadi mlangoni kwangu. Hayana ukweli. Kinachoua uzazi, na mzazi mwenyewe, ni saratani ambayo chanjo inaizuia.

Nimalizie kwa mambo ya kutenda. Kwenye zahanati au kituo chenu ulizeni kipimo gani kipo. Penye katriji, vema. Pasipo na katriji mara nyingi hupakwa siki kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye walakini inageuka nyeupe. Mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kuchomwa kwa joto au kugandishwa, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake. Msikatae cha siki kwa kungoja cha kisasa. Jibu la kuonekana virusi si jibu la saratani, wala si ushahidi wa ugoni. Karibu kila mtu aliyewahi kuoa au kuolewa amekutana na virusi hivi, na vinaweza kukaa kimya miaka mingi. Akina baba, msiwasomee wake zenu mashtaka kutoka kwenye karatasi ya maabara. Wapelekeni.

Na wewe mwenye karatasi ya jibu uliyoikunja ukaiweka chini ya nguo, miadi imepita na unaona haya kurudi: bado unapokelewa. Nenda na karatasi hiyo. Kama hutaki kwenda peke yako, mwambie mama yeyote wa jumuiya yako, au njoo sakristia baada ya misa ya kwanza. Hutaulizwa ulikuwa wapi. Nauli tutaizungumza.